Zana tano za kubadilishana: miezi mitatu baadaye, nasema ukweli

Salaam aleikum, hamjambo nyote. Karibuni tena bandani kwangu hapa Majengo, Mombasa. Mkisikia mngurumo nyuma yangu ni jirani na mashine yake ya kukuna nazi, mvumilieni, naye hunivumilia nyundo zangu.

Leo mezani nina zana tano, na hata ukizunguka Mwembe Tayari mpaka Kongowea hupati dukani hata moja. Tindo ya kukatia chuma, skwea ya kupimia pembe mraba, nyundo ya shaba, klampu ya kubania, na hii senta panchi, ya kutia alama kwenye chuma kabla ya kutoboa. Zimeundwa kwa mikono, na sikuzinunua.

Niwaeleze. Tuko watano. Mmoja tu ndiye anayekula kwa chuma, fundi wa kuchomelea kule Magongo. Sisi wengine ni wagonjwa wa chuma tu. Kila mtu huchagua zana moja, anaiunda mara tano, yake moja anabaki nayo, nne anagawa. Mwisho wa zamu kila mmoja ana seti nzima. Chuma kiwe chakavu, hairuhusiwi kununua kipya. Ilianza 2022. Mwakumbuka Januari ile serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, ikaja kuachia Mei? Siku hizo kipande cha springi kilikuwa kama dhahabu. Huyu ana springi za lori, yule ana koki kuukuu za shaba, mimi nina springi za koili za gari dogo. Tukaanza kupeana vyuma, baadaye tukaona afadhali tupeane vilivyokwisha kuundwa.

Sasa tatizo la kukagua kitu kama hiki mwalijua. Cha duka ukikuta kibovu unakitukana mpaka basi. Cha mwenzio, aliyekesha nacho, unasema "mashallah, kizuri" halafu unakificha droo ya chini. Mimi nimewaomba wote ruhusa. Nasema yote, na changu ndicho cha mwisho.

Tuanze na tindo ya fundi wa Magongo, maana hii nimeipenda. Imetoka kwenye springi bapa ya lori. Chuma hicho kina kaboni kiasi cha asilimia 0.6, ndiyo maana kinakubali kukazwa, yaani kufanywa kigumu kwa moto. Nondo ya kawaida unaweza kuitia moto mpaka alfajiri, haikazani ukaitegemea. Nimekatia chuma bapa cha milimita 6, vipande kumi na viwili, ndipo nikainoa mara ya kwanza. Makali yake ni kama nyuzi 60, na hayakumeguka.

Lakini nataka mtazame kichwani, siyo kwenye makali. Hebu nisogeze. Mwaona tupa inavyouma hapa juu? Hapa chini ikipita inateleza tu, kama kwenye kioo. Jamaa alikaza sentimita tatu za mwisho peke yake, huku juu akakuacha laini. Kichwa kigumu kikigongwa na nyundo ngumu hutoa vibanzi, na kibanzi hakina adabu, chaenda jichoni. Kikiwa laini kitapanuka taratibu kama uyoga, nawe unakisaga pembeni kwa grainda. Hapo ndipo utamjua aliyezaliwa na kazi na aliyejifunzia simuni kama mimi. Hii sina la kusema.

Skwea ya mzee wa Mikindani. Mzee alikuwa mwalimu wa ufundi, kwa hiyo nilitetemeka kuipima, lakini nimeipima. Nawe skwea yoyote ipime hivi, hata ya dukani: iegemeze kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka, chora mstari. Igeuze upande wa pili, chora mwingine kutoka pale pale. Ikiwa sawa, mistari inalaliana. Ikiwa na kasoro, inaachana, na nafasi unayoiona ni kosa mara mbili. Yangu kwenye urefu wa milimita 150 imeachana kama nusu milimita, yaani kosa lenyewe ni robo. Kwa kuchomelea mlango au kitanda, robo milimita si kitu. Kwa kazi ya kukereza, hapana. Nilimpigia simu, nikazunguka weee kabla ya kulitamka. Akacheka. Akasema alijua, macho yake siku hizi yanamdanganya jioni, niilete. Kumbe yeye alikuwa akingoja nani atakuwa wa kwanza kupima!

Kingine, ilikuja imeng'arishwa lakini bila mafuta, na wiki ya pili tu ikawa na madoa ya kutu. Huu ni mji wa bahari, jamani. Upepo wetu una chumvi, na chumvi inauharakisha kutu. Chuma kilichong'arishwa kisilale usiku mmoja bila kupakwa mafuta, au nta.

Nyundo ya shaba, kutoka kwa dada wa Kisauni anayetengeneza mapambo. Kichwa amekiyeyusha kwa koki za maji. Shaba ni laini kuliko chuma, kwa hiyo ukigonga kitu kilichokwisha kumalizika huachi alama, nyundo ndiyo inayoumia. Mpini ni wa mkwaju, na mkwaju ni mti mgumu, haupasuki ovyo. Ila ulianza kulegea mwezi wa pili. Nadhani mti ulikuwa bado mbichi kidogo, ukakauka ukanywea. Nimetoa kabari, nikatia pana zaidi, sasa imetulia. Hapo kwenye shaba kuna vitundu vya hewa viwili, mwaviona? Havinisumbui.

Klampu ya kijana wa Likoni ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Skrubu moja inavuta, nyingine inasukuma, taya zinabaki sambamba. Au zilipaswa kubaki. Tundu moja limepigwa nyuzi za skrubu likiwa limeinama, ndipo skrubu ikafuata uinamo huo. Inashika kwa ncha tu. Amesema ataunda upya taya moja, basi.

Na hapo nikumbuke, mzigo huu wote niliupokea upande wa Likoni. Nikarudi kwa feri na mfuko umejaa vyuma vyenye ncha. Afande akafungua, akanitazama. Nikamwambia ni zana za kubadilishana na marafiki. Akauliza, "Nyinyi mnabadilishana hivi? Watu wanabadilishana namba za simu." Nikapita.

Haya. Changu.

Senta panchi, nne nilizogawa na hii. Nilinyoosha koili motoni, nikachonga, ncha nikaipa nyuzi 90. Nikapasha mpaka sumaku ikakataa kushika, hiyo ni kama nyuzi joto 770, nikaongeza moto kidogo, nikazimisha kwenye mafuta. Tupa ikateleza. Nikajiona mhunzi.

Wiki moja, dada wa Kisauni akanitumia picha: ncha imekatika. Siku ya nne yake, kijana wa Likoni, hivyo hivyo. Yangu hii hapa nayo imemeguka, itazameni.

Chuma kikitoka kwenye mafuta huwa kigumu lakini ni kama gilasi. Lazima ukirudishe kwenye moto mdogo ukiangalia rangi inayotembea juu yake: kwanza rangi ya nyasi kavu, kama nyuzi 220, halafu kahawia, zambarau, mwisho buluu karibu na 300. Panchi unaisimamisha kwenye nyasi kavu iliyoiva, karibu na kahawia. Mimi nilikirudisha, sikatai. Lakini sikusugua ule weusi wa moto kwanza. Rangi zile huonekana kwenye chuma kinachong'aa tu, na mimi nilikuwa nakitazama chuma cheusi, usiku, chini ya taa ya njano, huku najiambia "naona nyasi hiyo". Sikuona kitu. Nilitaka tu nikalale.

Wale wawili hakuna aliyeumia jicho. Ningekuwa nawaambia maneno mengine leo.

Nimeunda nne upya. Nimezisugua kwa msasa mpaka zikawa kioo, nikazirudisha motoni mchana, mlangoni. Moja nimeigonga mara mia kwenye chuma cha fremu, ncha ipo. Ya Kisauni imefika, ya Likoni imefika, fundi wa Magongo amechukua yake jana na kuanza kuipima mbele yangu bila haya. Imebaki ya mzee wa Mikindani. Nampelekea kesho, pamoja na skwea yake.