Steringi ya Hilux inahama, fundi ananiambia nizoee

Nianze na hasira zangu kwanza, ushauri utafuata huko mbele, maana nikianza na ushauri nitapoa na mimi sitaki kupoa. Kuna gereji moja hapa Morogoro, jina silitaji, kibao cha nje kinasema wao ni wataalamu wa miguu na steringi za gari zote, na ukifika kweli unakuta gari zimepigwa jeki kila kona unajisemea eeh hapa ndipo penyewe. Sio penyewe. Msiende. Au subirini kwanza nimalize.

Gari yangu ni Hilux ya zamani, ile yenye ekseli nzima mbele na springi za vyuma vya kupangana, wenye nazo mnanielewa, injini haifi ila miguu itakutoa jasho. Naipakia mahindi kutoka Kibaigwa. Tatizo lilikuja polepole tu, unazungusha usukani kidogo gari haiitikii, unaongeza, halafu inaitikia kwa mpigo kupita ulivyotaka, kwa hiyo kutoka Gairo kuja huku kazi ni kurudisha kushoto, kurudisha kulia, kama unaswaga mbuzi mkaidi barabarani, na ukipishana na basi la Dodoma ule upepo wake unakusukumia pembeni mpaka unasoma dua zote unazozijua. Upepo wa matairi nilishapima, uko sawa, matairi yenyewe yana hali nzuri, kwa hiyo pale sikwenda kichwa kitupu.

Sasa sikilizeni. Fundi mkuu hakulala chini ya gari. Narudia, HAKULALA CHINI. Kafungua boneti, kachukua spana moja na bisibisi, kalegeza nati ya juu ya boksi la steringi, lile lenye meno linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa magurudumu, kakaza ile skrubu ya katikati, karudisha nati, kafunga boneti. "Tayari mzee, elfu hamsini." Nikamuuliza kwa heshima kabisa, sasa fundi umejuaje kama ni boksi, mbona tairodi hujazigusa hata moja? (Tairodi ndo vile viungo vya ncha za fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele.) Akanijibu kwa sauti ya wote kusikia, "Mzee hii gari ya enzi za Mwinyi, unataka inyooke kama imeshuka bandarini jana? We izoee tu." Na wateja wengine wakacheka. Mtu ana mvi kichwani anachekwa na watoto kwa hela yake mwenyewe! Nikalipa, gari iko ndani na geti ni lao, ningefanyaje.

Njiani ndo nikaiona kazi yake. Ukiwa umesimama unaona kabisa usukani umekaza, raha, unasema jamaa fundi. Ingia barabarani sasa. Boksi la hizi gari meno yake yanabana zaidi pale katikati, gari ikiwa imenyooka, na pembeni yanalegea kidogo, ndo lilivyotengenezwa. Ukiikaza ile skrubu kupitiliza, katikati panakuwa pagumu mno, ukikata kona usukani haurudi wenyewe, lazima uurudishe kwa mkono, na kila ukirekebisha kidogo unanasa hapo ulipouacha. Kwa hiyo gari iliyokuwa inahama sasa inahama NA ni nzito. Elfu hamsini hiyo.

Nikarudi. Mkuu hata hakunitazama, yuko kwenye simu, ananiambia ukishatoka getini kazi imekwisha. Nilitaka kusema maneno, mungu tu ndo anajua. Ila alikuwepo dogo mmoja pale, wale wa kutumwa spana, akanifuata nje akaniamkia, akasema mzee njoo kesho asubuhi mapema kabla bosi hajafika, nikuangalizie.

Na hapa ndo naanza kuchanganyikiwa niseme nini kuhusu hiyo gereji, kwa sababu yule dogo ni fundi haswa. Hakupiga jeki kwanza, matairi yakabaki chini yamebeba uzito, akaniambia washa gari, cheza na usukani kidogo tu kushoto kulia usiache. Yeye chini anashika kila kiungo, kidole nusu kwenye chuma kinachosukuma na nusu kwenye kinachosukumwa, anasikilizia kipi kinatangulia na kipi kinachelewa. Haikuchukua muda. Ile fimbo ndefu inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda kwenye gurudumu, ndani ya ncha zake kuna springi na vikombe vya kukalia mpira wa chuma, vya ncha moja vilikuwa vimeliwa vibaya. Tairodi ya kushoto raba imepasuka, grisi hakuna, vumbi tupu. Na iliyoniuma zaidi, bolti za boksi kwenye chesesi, yaani fremu ya gari, zimelegea, boksi lenyewe linacheza kabla mkono haujasogea! Yaani fundi mkuu alikaza skrubu juu ya boksi ambalo halijakazwa kwenye gari. Dogo akapasugua pale kwa brashi na mafuta ya taa aone kama chesesi ina ufa, maana Hilux hizi hupasuka hapo hapo, tukakuta salama.

Skrubu aliyoikaza mkuu akailegeza kwanza irudi ilivyokuwa, halafu akakaza bolti, akabadilisha vya ndani ya fimbo na tairodi. Kabla hajafungua tairodi kuukuu alipima urefu wake ili mpya ikae palepale, na kota pini, kile kipini cha kuzuia nati isifunguke, akaniagiza mpya, hakuweka msumari kama wanavyofanya wengine. Dukani pia alinifundisha, tairodi ukiishika na kuizungusha kwa mkono lazima iwe ngumu, ikilegea ikiwa mpya ni feki, irudishe hapohapo. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi ya mbele yaelekee sawa, ikawa ya mwisho kabisa. Kwenda kwenye mashine ya alaimenti wakati viungo vinacheza ni kugawa hela tu, wanapima kitu ambacho ukikanyaga shimo kimehama tena.

Sasa hivi pleyi ya usukani, ule mchezo kabla magurudumu hayajaitikia, ni kidogo sana, Toyota wao wanaruhusu mpaka milimita 30 ukipima kwenye ukingo wa usukani na mimi sifiki huko. Mabasi yanapita naendesha mkono mmoja. Sio kwamba iko kama mpya, kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati bado naisikia ikitetemeka, nadhani bearing za kingi pini, pale gurudumu la mbele linapogeukia, nazo zinaomba kuangaliwa, lakini inanyooka.

Kwa hiyo nilitaka kuandika nendeni ila mkwepeni mkuu, muulizieni dogo. Nyota tatu ningewapa. Nimempigia dogo juzi kuhusu hizo kingi pini, ananiambia alishafukuzwa, bosi alijua alinihudumia asubuhi ile. Kafukuzwa kwa kulala chini ya gari! Basi nyota zote narudisha, hata moja hawapati, na elfu hamsini yangu bado naidai. Dogo anafanyia kazi nyumbani kwao siku hizi, hana hata jeki ya maana, nimempelekea yangu.