Westminster Hall, London: usiuvuke mbio, inua shingo utazame paa

Ukiingia Bunge la Uingereza kwa mlango wa wageni wa Cromwell Green, ukishamaliza ukaguzi wa mizigo (mkali kama wa uwanja wa ndege), unajikuta ndani ya Westminster Hall. Wengi huuvuka mbio wakikimbilia vyumba vya vikao. Hapo wanajipunja. Chumba cha Malordi ni cha karne ya 19, na cha Commons (wabunge wa kuchaguliwa) kilijengwa upya baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Ukumbi huu ulianza kujengwa mwaka 1097, enzi za Mfalme William wa Pili, na ndio sehemu kongwe kuliko zote katika jumba lile.

Una urefu wa mita 73, upana wa mita 20 na ushei, na kutoka sakafuni hadi mwamba wa paa ni kama mita 28. Katikati hakuna nguzo hata moja.

Seremala yeyote anaijua kenchi ya kawaida. Mapao mawili yanakutana juu, na chini yanafungwa kwa boriti moja ya kulala ili miguu yake isitanuke ikazisukuma kuta nje. Sasa chukua upana wa mita 20: ungehitaji mti mmoja wa mwaloni ulionyooka kwa urefu wote huo, na unene wa kutosha kutopinda kwa uzito wake wenyewe. Hugh Herland, seremala mkuu wa Mfalme Richard wa Pili, alipopewa kazi hii mwaka 1393, aliamua kuachana na boriti ya katikati kabisa. Akabakiza ncha zake mbili tu. Kila ukuta unatoa boriti fupi inayochomoza ndani, imeshikiliwa kwa chini na mkono wa mbao uliopinda ambao umekaa kwenye jiwe lililopachikwa ukutani. Juu ya ncha ya boriti hiyo imesimama nguzo nene inayopanda kulipokea pao. Halafu tao kubwa la mbao linaanzia kwenye yale mawe ya ukutani, linazipita boriti fupi, na pande zake mbili zinakutana juu katikati.

Kenchi za namna hiyo zipo 13. Ulimi wa mbao umeingizwa kwenye tundu la mwenzake, kisha kigingi cha mwaloni kikapigiliwa kuvifunga. Wahandisi wamebishana miaka na miaka kama mzigo unabebwa hasa na tao au na zile boriti fupi. Chagua kenchi moja uifuate kwa macho kutoka jiwe hadi kileleni, utaelewa kwa nini hawaafikiani: hakuna kipande kinachosimama chenyewe.

Mbao zote zina uzito wa takriban tani 660. Zilichongwa na kupatanishwa karibu na Farnham, huko Surrey, zikafunguliwa, na mwaka 1395 zikaletwa kwa mikokoteni hadi Mto Thames na kwa majahazi hadi Westminster. Kwenye ncha za boriti fupi kuna malaika waliochongwa wakishika ngao. Chukua darubini ndogo, maana kwa macho matupu nyuso zao hazionekani, na wasanii wale hawakulipua kazi eti kwa sababu iko juu.

Kenchi isiyo na boriti ya kufunga ina deni, na deni hilo hulipwa na ukuta. Kuta za awali zina unene wa karibu mita 2, lakini Henry Yevele, mwashi mkuu, aliona hazitoshi. Akaziongezea kimo kidogo, akazivika mawe mapya na kuzitia viegemeo kwa nje. Ukitoka, pitia upande wa magharibi, ilipo sanamu ya Cromwell. Hapo ndipo utaona matao ya mawe yakiegemea ukuta. Mahakama zilizokuwa zimebanana pale zilibomolewa miaka ya 1880.

Adui mkubwa wa paa hili ni unyevu. Maji yakipenya juu, ncha za mbao zilizozama ukutani hubaki na majimaji, ukungu huulainisha mwaloni, na hapo ndipo mdudu mtoboa mbao hutaga. Kiwavi wake anaweza kukaa ndani miaka kadhaa akila, na nje usione kitu ila vitundu vya milimita 3 hivi, navyo hutobolewa na mdudu mzima akiwa anatoka. Yaani ukiviona, umechelewa. Ukaguzi wa msanifu majengo Frank Baines, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, ulikuta mbao nene zilizobunguliwa hadi kubaki mapango. Kati ya mwaka 1914 na 1923 zikaongezewa fremu ya chuma, iliyofichwa ili isiharibu sura. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi naona ni busara: mbadala ulikuwa kulishusha paa.

Usiku wa kuamkia 11 Mei 1941 mabomu yaliwasha moto kwenye ukumbi huu na chumba cha Commons kwa pamoja. Wazimamoto walilipa paa kipaumbele, na Commons ikateketea.

Upande wa kusini haunipendezi sana. Baada ya moto wa 1834 ulioteketeza sehemu kubwa ya jumba la Bunge, msanifu Charles Barry alilisogeza nyuma dirisha kubwa na kuweka ngazi pana. Kwa mapokezi ya wageni wa taifa ngazi zile zinafaa, ila mwanga wa dirisha humpiga machoni anayeingia kutoka kaskazini, na kenchi za mbali huonekana kivuli kitupu. Dawa yake ni rahisi: panda ngazi, lipe dirisha kisogo, utazame kaskazini. Umeinuka kidogo, mwanga uko nyuma yako, na kenchi zote zimejipanga mbele.

Sakafuni tafuta vibao vya shaba. Kimoja kinaonyesha mahali aliposhtakiwa Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1649. Nelson Mandela alihutubia humu Julai 1996.

Kwa paa natoa nyota tano bila kusita, kwa upande wa kusini tatu. Ziara za kulipia huwa Jumamosi, na siku za kazi Bunge likiwa mapumzikoni. Kusikiliza mjadala ni bure, na unapita humu humu. Picha piga ukiwa ukumbini, kwa sababu vyumba vya vikao haviruhusu. Kituo cha treni ni Westminster, hatua chache tu.