Matairi ya tela la kulalia: ingia uvunguni utafute tarehe

Julai 2024 tulikuwa I-10 huku Texas, tumetoka San Antonio tunaelekea El Paso, jua kali, mara paa! Baba Neema akadhani tumegongwa. Kumbe tairi la tela limechanika lote na vile lilivyokuwa linajipigapiga likabomoa bomba la maji machafu. Na hayo matairi tulinunua "mapya" Desemba, kashata (yale meno ya tairi) nzima kabisa.

Nikaingia uvunguni na tochi. 1119. Yaani tairi limetengenezwa wiki ya 11 mwaka 2019!

Saizi na bei kila mtu anaangalia, mimi nawasumbua na tarehe tu. DOT kamili, yaani ile namba ya utambulisho wa tairi inayoishia na tarakimu 4 za wiki na mwaka, inaandikwa ubavu mmoja wa tairi. Fundi akilifunga ubavu huo ukaangalia ndani, wewe uliyesimama nje huoni tarehe yoyote, unalipa na unashukuru. Yetu manne, matatu tarehe ilikuwa ndani, bahati mbaya gani hiyo jamani? Na tela si gari la kwenda nalo kazini, linakaa miezi juani na uzito wote juu yake, mpira unaoza huku kashata zinang'aa.

Haya, kwa matairi ya tela namba 1 kwangu ni Goodyear Endurance na sifichi, naipenda. Inatengenezwa hapahapa Marekani, ilitoka 2017, na ya saizi yangu, ST225/75R15 daraja E (daraja la uzito tairi linaoweza kubeba), inabeba pauni 2,830 kwa upepo wa psi 80. Kuna daraja D saizi ileile, mwisho wake ni 2,540 kwa psi 65. Tela letu likijaa maji na vikorokoro vya Baba Neema linafika pauni 9,200, sasa piga hesabu mwenyewe D nne zinakubakishia nini, na mzigo wenyewe haulali sawa pande zote. Ila ukienda psi 80 dai valvu ya chuma, zile za mpira za kawaida zinaishia 65.

Namba 2 Carlisle Radial Trail HD, namba 3 Maxxis M8008, nazo ziko poa zikiwa na tarehe ya karibuni. Ya bei chee yenye majina yasiyotamkika, sina la kusema.

Kilichoniuma zaidi ni kaunta ya duka la matairi. Kijana ananiambia mama haya ni mapya, hayajawahi kutembea, ukimuuliza basi punguza bei maana yana miaka minne na zaidi anaangalia kompyuta, halafu risiti ina hela ya kufunga, ya balansi, na ya kutupa matairi ya zamani!

Siku hizi napiga picha tarehe kabla halijafungwa, na namwambia fundi hiyo namba ije nje. Wa mwisho alinuna. Anune tu.