Roki ya zamani ya Norwei iliyotolewa upya: ipi ununue kwanza

Norwei ya mwaka 1970 ilikuwa na watu wasiofika milioni nne, na bendi za roki ya progresivu (yenye nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi) na saikedeliki (yenye sauti za kindoto) zilichapiwa santuri chache. Ndiyo maana nakala za awali za miaka hiyo huuzwa kwa bei ya kutisha, na wengi wetu tunasikiliza matoleo mapya. Tatizo ni kwamba matoleo mapya hayalingani. Kinachoamua ubora si uzito wa santuri wala rangi yake. Kinachoamua ni chanzo: je, waliochapa walitumia kanda mama ya studio, yaani kanda ya awali ya kurekodia, au walinakili santuri kuukuu ya mtu?

Geuza jalada usome maandishi madogo. Rekodi za Polydor, Philips na Sonet za enzi hizo leo ziko chini ya Universal Music, hivyo toleo halali la albamu hizo huandika wazi kwamba limepewa leseni. Muuzaji akikuambia haki zimeshakwisha, usimwamini: Ulaya rekodi hulindwa miaka 70 tangu itoke, kwa hiyo albamu ya 1971 bado ina mwenyewe hadi mwisho wa 2041. Toleo la magendo hujifichua kwenye picha pia. Herufi ndogo zinakuwa na ukungu, na wakati mwingine unaona duara la kuchakaa ambalo lilikuwa kwenye jalada la zamani lililopigwa picha. Kwenye sauti, sikiliza kimya kati ya nyimbo. Ukisikia vipasuko vya vumbi kwenye santuri uliyoifungua leo, na kuiosha hakuviondoi, huenda vilitoka kwenye santuri iliyonakiliwa.

Gramu 180 dhidi ya 140 hazibadilishi sauti; zinaongeza gharama ya posta tu.

1. Ruphus, *New Born Day* (1973). Anza hapa. Karisma, kampuni ya rekodi ya mji wa Bergen, Norwei, imeirudisha sokoni, kwa hiyo huhitaji kuhangaika na nakala za kubahatisha. Gitaa ni nzito, kinanda cha Hammond kiko mbele, na sauti ya Gudny Aspaas inabeba nyimbo ambazo bila yeye zingekuwa za kawaida. Ukiipenda, nenda *Ranshart* (1974), iliyo laini na yenye mizunguko mingi zaidi. *Let Your Light Shine* (1976), ambayo mtayarishaji wake ni Terje Rypdal, mpiga gitaa wa jazi wa Norwei, imeegemea jazi. Usiinunue ukitarajia mwendelezo wa ile ya kwanza.

2. Junipher Greene, *Friendship* (1971). Kwa muziki peke yake ingekuwa namba moja. Ni albamu ya santuri mbili, jambo lililokuwa geni kabisa kwa bendi ya roki ya Norwei wakati huo, na utungo wenye jina la albamu unajaza upande mzima. Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kufikiri. Upande wa santuri ya inchi 12 unaozunguka mara 33 kwa dakika hukaa vizuri hadi dakika 20 au 22. Ukizidi hapo, mifereji lazima ibanwe, sauti inachapwa chini, na kelele za uso wa santuri zinapanda juu ya filimbi na sehemu za utulivu. Toleo la CD linalotokana na kanda mama halina shida hiyo, tena ni rahisi. Nunua CD kwanza. Santuri iwe ya baadaye, kwa ajili ya jalada lake. Bent Åserud na Geir Bøhren waliopiga humo baadaye walijulikana sana Norwei kwa muziki wa filamu, na masikio yao ya watunzi wa filamu yanasikika tangu hapa.

3. Popol Vuh, *Quiche Maya* (1973). Hapa watu hupoteza pesa kwa sababu ya jina. Kuna Popol Vuh ya Ujerumani, ya Florian Fricke, iliyotoa *Affenstunde* mwaka 1970. Huo ni muziki mwingine kabisa. Bendi ya Norwei ilibadili jina ikawa Popol Ace, na *Stolen from Time* (1975) ilitoka kwa jina hilo jipya. Kabla ya kulipa, hakikisha mwimbaji ni Jahn Teigen na mpiga vinanda ni Pete Knutsen. Ukitafuta kwa jina la Teigen badala ya jina la bendi, Wajerumani wanaondoka kwenye orodha. Albamu yao ya kwanza ya 1972 ni nzuri, lakini *Quiche Maya* imeshikana zaidi na Melotroni, kinanda kinachocheza sauti zilizorekodiwa kwenye kanda, imepata nafasi yake.

4. Oriental Sunshine, *Dedicated to the Bird We Love* (1970). Sitari (ala ya nyuzi ya Kihindi), filimbi, na uimbaji wa pole wa Nina Johansen. Ni muziki mtulivu, na muziki mtulivu haufichi uchafu: santuri iliyotumika ya daraja la VG (nzuri lakini yenye alama za matumizi) itachemka mwanzo hadi mwisho. Chukua toleo jipya, au iliyotumika ya daraja la NM (karibu mpya) kwenda juu, la sivyo CD. Ni albamu fupi, basi usilipe bei ya santuri mbili.

5. Høst, *På sterke vinger* (1974). Wanaimba Kinorwei, magitaa yanajibizana, na mdundo una nguvu. Tumeiweka chini kwa sababu tu mara nyingi utaangukia CD za zamani ambazo bei yake hupanda na kushuka bila mpangilio. Ukiikuta kwa bei ya kawaida, usisite.

*Janus* (1973) ya Aunt Mary inawafaa wapenzi wa roki nzito. *Get Dreamy* (1967) ya Dream ni ya anayetaka kumsikia Rypdal kijana akiwa bado na mpiga gitaa Jimi Hendrix kichwani.

Kuagiza. Tiger na Big Dipper za Oslo na Apollon ya Bergen ni maduka yanayoujua muziki huu. Discogs, tovuti ya orodha na soko la rekodi, inafaa kwa kulinganisha namba zilizochongwa karibu na lebo katikati ya santuri. Bei ya dukani Norwei ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 25, ambayo muuzaji aliyesajiliwa anaweza kuiondoa akisafirisha nje ya nchi, basi uliza kabla ya kulipa. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya, kwa hiyo hata aliye Berlin atadaiwa kodi mzigo ukiingia. Kenya VAT ni asilimia 16, Tanzania bara 18, na ushuru juu yake. Santuri moja ndani ya boksi hukaribia nusu kilo, na ya pili haiongezi posta mara mbili, hivyo agiza mbili au tatu pamoja. Mwombe muuzaji aitoe santuri ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake. Ikibaki ndani, itapasua mshono wa jalada njiani.

Ikifika. Icheze yote mapema, muda wa kurudisha haujapita. Mkono wa sindano ukiyumba kushoto na kulia, tundu halikuwekwa katikati. Kinanda cha Hammond ndicho kinachokuonyesha, maana noti ndefu inapanda na kushuka. Mlio wa kuchanika unaojirudia kila mzunguko, hasa upande mmoja, mara nyingi unatokana na plastiki ambayo haikujaza mifereji ilipokandamizwa. Huo hauoshwi, rudisha. Mlio wa vumbi la karatasi unaondoka kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) na tone la sabuni ya maji.

Tupa mfuko wa karatasi wa ndani, tia wa plastiki laini usiovuta vumbi. Mfuko wa nje uwe wa polithini, si PVC, kwani PVC huacha ukungu juu ya santuri, na kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam huuacha upesi zaidi. Zisimamishe wima, mbali na dirisha la jua la mchana. Santuri iliyolazwa chini ya nyingine kumi hupinda hata ikiwa na gramu 180.