Jiko la chini ya mkorosho, nyuma ya ofisi za halmashauri: nyota nne

Nipo masjala ya halmashauri moja huku uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, mwaka wa kumi na moja sasa. Jiko ninalolisema liko nyuma ya ofisi zetu, jirani na maegesho ya magari. Ni la akina mama watano waliokopeshwa kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; wao ni wa fungu la wanawake. Mikopo iliposimamishwa mwaka 2023 walikuwa wameshaandika andiko lao la kuomba mkopo. Wakasubiri hadi iliporudi, ndipo wakanunua masufuria na meza tatu ndefu za mbao.

Chai ya maziwa ni shilingi 500. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha huwa ipo msimu wake ukifika, na pilipili ya kutwanga pembeni. Mchana kuna ugali wa muhogo kwa kisamvu, au samaki wa kukaanga aliyepanda na gari la asubuhi kutoka pwani. Kisamvu chao kinatwangwa kwenye kinu na kuungwa kwa nazi, na mimi hukiagiza mara tatu kwa wiki.

Ila kisamvu peke yake kisingenifanya niandike. Kabla ya jiko hili, ikifika saa nne kila mtu alijifungia na chupa yake ya chai. Watu wa fedha kivyao, madereva ndani ya magari, walinzi getini. Mtumishi alikaa miaka miwili na dai la fedha za uhamisho bila kujua limefikia wapi, na anayejua yuko mlango wa tatu. Enzi za barua, maombi ya kuhama yalipita mikononi mwangu. Kwenye karatasi wanaandika ugonjwa au kumfuata mwenza. Dada mmoja wa ugani aliniambia kwa mdomo: "Kaka, mwezi mzima hapa hakuna aliyeniuliza nimeamkaje."

Kwenye meza ndefu huchagui wa kukaa naye. Mama mkubwa wa jiko ndiye anayepanga watu: "Baba, sogea kidogo mpishe mwenzio." Na mkuu wa idara anasogea, dereva anakaa. Afisa utumishi amejizoesha kunywa chai pale kila Ijumaa. Mtu anamuuliza habari ya dai lake, anajibu. Asipojua anaandika kwenye kidaftari, na Ijumaa inayofuata analeta jibu. Madai hayajalipwa yote, nisidanganye. Lakini aliyeambiwa kwamba jina lake limo kwenye orodha iliyopelekwa anarudi mezani kwake akiwa mtu mwingine, nimeona kwa macho yangu. Hata tulipobanwa na kujaza PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi, badala ya zile fomu za karatasi za OPRAS, kijana wa TEHAMA alikuwa akiwaelekeza wazee kwenye simu zao pale pale, chai ikipoa.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu mbili. Ndoo ya kunawa ni moja, na tunafika watu arobaini. Najua maji huku uwandani ni tabu, lakini ofisi inaweza kuwaazima pipa. Halafu watendaji wa kata na vijiji wakitoka mbali hufika saa nane na kukuta sufuria zimeshaoshwa. Hao ndio wanaohangaika na ushuru tunaoutegemea wote, na ndio wanaorudi na njaa. Na ninyi wenzangu mnaokula kwa daftari, lipeni mwisho wa mwezi. Akina mama hawa wana marejesho.

Nilimwomba mama mkubwa aache sufuria moja jikoni siku za kikao. Jumanne iliyopita aliiacha. Walikula watendaji wanne, na mkuu wa idara aliyechelewa kutoka mkutanoni akaketi nao.