Taa ya usiku ya mtoto mchanga: mwanga mzuri, swichi mbaya

Taa hii ndogo ya mezani, inayochajiwa kwa waya wa simu, huuzwa Kariakoo kwa ajili ya vyumba vya watoto wachanga, nasi tumeitumia tangu mtoto wetu azaliwe.

Sifa yake kubwa ni rangi. Ina mwanga mweupe, wa manjano na wa chungwa iliyokolea, na huu wa mwisho ndio unaostahili fedha yako. Mwanga wenye buluu nyingi, kama wa zile balbu nyeupe za kelvini 6500 zilizojaa majumbani mwetu, huzuia mwili kutoa melatonini, homoni ya usingizi, ilhali mwanga hafifu wa chungwa hauizuii kwa kiasi hicho. Mtoto mchanga huanza kutofautisha usiku na mchana akiwa na umri wa takriban miezi miwili au mitatu, kwa hiyo mchana ni vyema akae kwenye chumba chenye nuru, na usiku anyonyeshwe na kubadilishwa nepi katika mwanga mdogo kabisa, ambao pia humwezesha mama, mwenye kuhitaji usingizi kuliko sote, kurudi kulala upesi.

Bahati mbaya, kila inapowashwa taa hii huanza na mweupe mkali, na hadi ubonyeze swichi na kuufikia ule wa chungwa, mtoto ameshafumbua macho. Aliyeitengeneza alijua mwanga unaofaa, kisha akauficha nyuma ya usiofaa! Kitaa cha chaji nacho ni cha buluu. Tumekiziba kwa plasta. Linalonikera zaidi ni rimoti yake, yenye betri bapa ya kitufe na mfuniko usio na skrubu, kwa sababu betri ya aina hiyo ikimezwa yaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Hiyo tumeiondoa chumbani.

Chaji hudumu usiku kucha, hata umeme ukikatika, wala haina moshi wa koroboi. Hata hivyo, usiitumie kutazama kama mtoto ana manjano, kwani mwanga wa chungwa huficha rangi ya ngozi na ya weupe wa macho. Mpeleke dirishani mchana, na ukiona dalili mwahishe kliniki.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aizime na kuiwasha mbele yako. Ikianza na mwanga mweupe, ulizia ya aina nyingine.