Uzoefu wangu: PageSpeed Insights, Squoosh na linki ya WhatsApp kwenye blogu ya mapishi

Blogu yangu ni ya mapishi ya pwani. Naiandikia Tanga, na wasomaji wengi huifungua kwa simu wakiwa jikoni. Msomaji wa jikoni hana subira: tui limeshakamuliwa, anachotaka ni kujua hiliki kiasi gani. Templeti niliyokuwa nayo ilimpokea kwa slaidi ya mapicha makubwa, kisha kidirisha cha kumwomba barua pepe. Kwenye kompyuta ilipendeza kwelikweli. Dada mmoja akaniandikia: "Dada yangu, mapishi matamu, lakini bando linakata sijafika hata kwenye mahitaji."

Nilianzia PageSpeed Insights ya Google, zana inayopima kasi ya ukurasa kufunguka. Ni bure, unabandika anwani ya ukurasa, unasubiri kidogo. Alama chini ya 50 ni nyekundu, kuanzia 90 ni kijani. Hizo alama mimi sizihangaikii, maana hupanda na kushuka hata ukipima ukurasa uleule mara mbili mfululizo. Faida yenyewe iko huko chini, inapokutajia faili moja moja pamoja na uzito wake. Soma matokeo ya upande wa simu, kwa sababu kipimo hicho huigiza simu ya bei ya kati na mtandao wa taratibu. Sehemu ya takwimu za wasomaji halisi kwa blogu ndogo kama yangu huwa tupu, usishtuke.

Vipimo viwili vilinifaa. Cha kwanza ni muda wa kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kuonekana, ambao Google wanataka usizidi sekunde 2.5. Cha pili ni kurukaruka kwa ukurasa: unasoma "vikombe viwili vya unga", picha inaingia juu, mstari unatoroka. Hilo hutibika kwa kuandika upana na urefu wa kila picha ili nafasi yake itengwe mapema.

Slaidi niliiondoa, kidirisha nacho. Nikahamia templeti nyepesi ya bure ya WordPress, safu moja, maandishi makubwa, mahitaji juu kabisa. Hadithi za bibi zimeshuka chini, anayezitaka anazifuata.

Picha ndizo zilizokuwa mzigo hasa, na hapo Squoosh, zana ya kupunguza uzito wa picha, imenikosha. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, na picha haipandishwi kwenye seva ya mtu. Chukua ile ya mkate wa kumimina: ilitoka kwenye simu na MB 4. Nikapunguza upana hadi pikseli 1200, nikachagua WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ubora 75, ikashuka chini ya KB 200. Katikati ya skrini kuna mstari unaouvuta kushoto na kulia kulinganisha picha ya awali na mpya. Mimi hutazama vile vitundu vya mkate na rangi ya kahawia ya juu. Ukishusha ubora kupita kiasi, vitundu vinaungana, mkate unaonekana kama sponji ya kuogea. Kero yake ni kwamba inapokea picha moja moja. Mwenye mamia ya picha za zamani atatafuta programu-jalizi (plugin) ya WordPress, au azibadilishe kidogo kidogo kama mimi.

Kasi ilileta wasomaji wanaofika mwisho wa pishi, lakini kisanduku cha maoni kiliendelea kudoda. Watu hawataki kujaza jina na barua pepe ili waulize kama mchele wa basmati unafaa. Mwisho wa kila pishi nikaweka linki ya wa.me, ambayo msomaji akiibonyeza inamfungulia mazungumzo nami WhatsApp: namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele, kisha ?text= na jina la pishi, ili ujumbe ufike ukionyesha swali linahusu nini. Maswali yakamiminika, mengi kwa sauti, mengine nasikia kabisa mafuta yakichemka nyuma.

Ubaya wake, mazungumzo hayo hayaonekani kwa wengine. Swali likijirudia, huomba ruhusa na kuliandika chini ya pishi pamoja na jibu. Na tafadhali, tafuta laini ya pembeni ya kuwekea WhatsApp Business kabla hujaiweka namba hadharani, na uweke ujumbe wa kutokuwepo usiku. Wapo wanaopiga saa sita za usiku kuuliza kwa nini hamira haijaumuka.